Jina la Renatus kwenye Printa

Endagikot, Mbulu,
Manyara.
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Ludovika,

Shikamoo dada. Naipiga mara mbili, moja ya heshima na moja ya kukulainisha, maana huko mbele kuna ombi zito. Habari za Newala? Mgongo wa shemeji Wolfgang unaendeleaje? Na mpwa wangu Perpetua, bado anasusa dagaa, au Kusini imeshamfundisha adabu? Tunawaombea kila jioni. Mama akifika kwenye jina lako hukaa hapo mpaka magoti yetu sote yanalalamika.

Sisi ni wazima wa mwili. Mama magoti yanamsumbua kwa baridi hii, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Mke wangu Gaudensia hajambo, siku hizi amekuwa mtu wa kutabasamu peke yake akiosha vyombo, sijui kwa nini, hilo naliweka pembeni kwanza. Vitunguu saumu tumevuna. Vya kwangu ni vikubwa kuliko vya mtu yeyote kuanzia hapa hadi Mbulu mjini, na si mimi ninayesema, mizani ndiyo iliyosema.

Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu mwenye simu kubwa kama yangu. Dada, lile kundi letu la WhatsApp la ukoo lina watu ishirini na sita, na mmoja wao ni Renatus. Kuchapa kwenye kompyuta nako sithubutu, kwa sababu utakazozisoma. Nimerudi kwenye kalamu, ambayo haijachomekwa waya wowote. Bahasha nitaipaka gundi mara tatu. Ukikuta imefunguka hata kona, nijulishe.

Sasa ombi, nisikuzungushe. Nataka kuitisha kikao cha ukoo Jumapili ya tarehe 29, tumwondoe mdogo wetu Renatus kwenye usimamizi wa shamba la Baba la Hirbadaw. Wewe ndiye mkubwa wetu. Wazee wamesema bila neno lako hawakai. Naomba umpigie Mama useme umekubali. Najua ni ndugu yetu wa tumbo moja na najua ulimbeba mgongoni. Soma kwanza.

Unakumbuka ugomvi wa printa uliyotununulia. Ilipokaa kwangu, Renatus alikuja na flashi yake na matope yake kuchapa mambo ya chama cha wakulima wa vitunguu. Ilipohamia kwake, mimi nikawa nasubiri kwenye benchi lake kama mgonjwa wa kliniki. Ndipo ukatuma kile kiboksi, kidogo kama pakiti ya majani ya chai, chenye matundu mawili ya USB upande mmoja na tundu la waya wa mtandao upande wa pili. Aliyekifunga ni Mwalimu Rogers, yule kijana wa Kagera anayefundisha kompyuta sekondari na aliyepanga chumba changu cha uani. Mikono ilikuwa yake, lakini maelekezo yalikuwa yangu.

Printa tuliiweka kwa Mama, sebuleni, juu ya meza ya cherehani, kwa kuwa hapo hakuna anayeweza kusema ni kwake. Imechomekwa kwenye kiboksi, na tundu la pili lina ile diski yenye picha za Baba na nakala ya hati ya Hirbadaw. Rauta iko kwangu. Mbali na waya mfupi wa kompyuta yangu, inatoa nyaya mbili tu za kwenda nje, mmoja unakwenda nyumbani kwa Renatus, mwingine unapita juu ya zizi kwenda kwa Mama. Ni rauta ya kizamani, ya waya mtupu, haitoi mtandao wa hewani. Likumbuke hilo.

Najua wewe ni msomi, ila ngoja nikueleze inavyofanya kazi, maana hapa Endagikot wananijia mimi. Kila kompyuta ina programu. Ukiifungua unaona orodha: printa, diski. Unabofya kuunganisha, na printa inakuja kwako kana kwamba umeichomeka ubavuni mwa kompyuta yako, wakati yenyewe imetulia kwa Mama ng'ambo ya ng'ombe. Ila haishikwi na wawili kwa pamoja. Mwenzako akiwa nayo, kwako mstari unafifia kuwa rangi ya majivu, na pembeni linatokea jina la kompyuta iliyoishika. Unaweza kubofya kuomba uachiwe, na kwake kinaruka kidirisha kumwambia kuna mtu anangoja. Nimeendesha malori Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura, nimelala na kuamka katika nchi sita, na kitu chenye adabu namna hiyo sijawahi kukiona.

Haya. Tangu katikati ya Agosti, kila nikifungua alasiri kama saa tisa hivi, mstari wa printa ni majivu. Pembeni: RENATUS. Jumatatu RENATUS. Jumanne RENATUS. Nikasema chama kina mikutano mingi. Lakini chama gani hicho cha kuchapa kila siku, na vitunguu tumeshauza?

Siku moja nikabofya kuomba niachiwe. Dada, hazikupita sekunde tano, printa ikaachiwa. Sasa wewe fikiri. Mtu mwenye haki yake hubisha kwanza, humalizia ukurasa wake, hata hujisahaulisha kidogo. Renatus tangu utotoni hajawahi kuniachia hata kiti. Anayeachia kitu haraka hivyo ni anayejua alichokuwa anafanya.

Kuna la kutisha zaidi. Alhamisi ya wiki iliyopita jina lake liko pale linang'aa, nikatoka nje, nikamwona Renatus mwenyewe kule mteremkoni nyuma ya maksai wake. Kwa hiyo ameifundisha kompyuta kufanya kazi akiwa shambani, ili awe na ushahidi. Nikamuuliza Mwalimu Rogers kama inawezekana. Akatazama viatu vyake, akasema, "Kitaalamu inawezekana, mzee." Mtu wa kuangalia viatu namna ile ana lake jambo. Naye nimemwandika moyoni.

Printa yenyewe inaweka hesabu ya kurasa. Mwezi wa saba ilikuwa imechapa 1,312. Jana 1,740. Mimi katika hizo nimechapa kumi na moja, na nne ni picha yangu nikiwa na lori. Nikamuuliza Mama karatasi zote hizo zinakwenda wapi.

"Karatasi gani?" akasema.

"Zinazotoka kwenye mashine hii, Mama, hapa mbele ya macho yako."

"Macho yangu unayajua."

"Macho hayohayo yaliona juzi kuku wangu akiingia kwenye kunde zako kutoka pale mlangoni."

"Kuku anatembea. Karatasi haitembei."

Hapo nikaelewa kuwa Renatus ameshamshika Mama. Nikamgeukia Gaudensia, maana kila alasiri yuko huko anamkanda Mama magoti kwa mafuta, Mungu ambariki, binti gani siku hizi anamkanda mama mkwe kila siku bila kukosa. Nikamuuliza kama amemwona mtu akiingia kuchukua karatasi. Akafikiri, akasema, "Mgeni sijamwona." Basi si mgeni. Ni wa nyumbani. Hata mke wangu bila kujua amenipa ushahidi.

Kuna pia mtu wa gari jeupe. Mwezi wa saba alikuja kutoka upande wa mashamba ya ngano kule Basotu, akasimama barabarani na Renatus kwa muda mrefu. Nilipowafikia wakanyamaza wote wawili, kama redio iliyozimwa. Baadaye Renatus akasema alikuwa anauliza habari za Hirbadaw. Habari gani zinazokatika mimi nikifika?

Sasa shika kiti. Jumatano nimekwenda kuchapa barua ya kijiji, printa ikakwama. Nikafungua mgongo wake nikatoa karatasi iliyojikunja. Ilikuwa nusu, nusu nyingine wino umepaka. Juu kuna mchoro wa pembetatu, kona zina herufi A, B na C. Upande mmoja umeandikwa 60, wa pili 80, na kwenye kona kuna kijisanduku kama wanavyochora wapima ardhi. Chini ni Kiingereza, lugha niliyokunywa Zambia miaka minne. Kinasema kuna shamba la pembetatu, upande huu mita 60, upande huu mita 80, litafutwe eneo lake. Hapo karatasi imechanika.

Dada, shamba letu la Hirbadaw lina pembe ngapi? Barabara, korongo, na mstari wa mkonge wa jirani. Tatu. Ni kubwa kuliko hizo mita, ni kweli, na ndipo damu iliponikauka, kwa sababu maana yake ameshaanza kulikata vipande.

Nikaikunja ile karatasi nikaiweka kwenye mfuko wa shati, nikaenda kwake. Alikuwa na mkewe Judica wanachambua maharage. Sikuzunguka.

"Ile kompyuta yenye jina lako ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema.

"Una uhakika?"

"Kaka, si ndiyo ile uliyonicheka kwamba ina kifuniko kama sanduku la mochwari? Ni yangu."

"Na inachapa nini kila siku?"

Akamtazama Judica. Judica akatazama maharage. Kisha akasema, "Hilo siwezi kulisema mimi." Hakukana, dada. Hakuuliza hata kuchapa gani. Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba Baba alimwachia mkono mwepesi wa kudokoa na sisi tukauita ufundi. Aliendelea kuokota maharage mabovu na kuyatupa upande wangu.

Mimi sina kitu ninachomficha mtu katika nyumba hii, na sipendi kufichwa. Kesho baada ya misa nitang'oa waya wake kwenye rauta, aone kama atachapa kwa upepo. Naacha hapa, ng'ombe wanalia.

Jumanne, 17 Septemba

Dada, sikuipeleka barua kwenye basi. Shikamoo tena. Kuna mambo.

Jumapili niling'oa waya wa Renatus. Niliung'oa mwenyewe kwenye rauta, nikauzungusha na kuutundika kwenye msumari kama kamba ya ndama. Jana saa tisa nikakaa mbele ya kompyuta na chai yangu, nangoja kuona printa imekaa peke yake kama mjane.

Mstari ukawa majivu. Pembeni: RENATUS.

Nikatazama msumarini, waya upo. Nikatazama rauta, tundu lake tupu. Nikajipapasa kama nina homa. Ndugu yangu hana waya, hana hewa, na bado ameishika printa. Nakwambia ukweli, nilifikiria mambo ambayo mtu aliyepata kipaimara hapaswi kuyafikiria. Kisha akili ya barabarani ikarudi. Lori likipotea mzigo hufuati uvumi, unafuata njia. Kwenye rauta kulikuwa kumebaki waya mmoja tu wa kwenda nje, wa kwa Mama. Nikaushika mkononi, nikatoka nao.

Nimeufuata juu ya zizi, nimeufuata ukutani, ng'ombe wananitazama kama wananijua vibaya. Nikaingia sebuleni kwa Mama bila kubisha. Hakuna mtu. Printa inakohoa karatasi peke yake juu ya meza ya cherehani. Nikanyanyua kile kitambaa alichofuma Mama, kinachofunika mpaka chini. Waya wangu unaingia kwenye kigawanyo cha mtandao chenye matundu manne, alichoweka Mwalimu Rogers siku ya kufunga kiboksi. Tundu moja linakwenda kwenye kiboksi, hilo nalijua. Lakini tundu jingine lilikuwa na waya wa bluu, mpya, ambao macho yangu hayajawahi kukutana nao. Umepita chini ya mkeka, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye pazia la chumba cha kulala cha Mama.

Hapo nikasimama. Unajua mwenyewe, mwanaume mwenye ndevu haingii chumba cha mama yake. Hata Renatus haingii. Nikabaki na ncha ya mkeka mkononi, na nyuma ya pazia nikasikia sauti.

"Figo," ilisema. "Kazi ya figo ni kuchuja damu. Figo ziko..."

"Mbili," akadakia Mama. "Hata ng'ombe ana mbili."

"Mama, usiniambie, ni mimi ninayeulizwa."

"Basi sema haraka. Ukichelewa nitajibu."

Ilikuwa sauti ya Gaudensia, dada. Mke wangu. Akaendelea na ini, akaendelea na kongosho, na Mama kila akitajiwa kiungo anamweleza kilivyo ukikishika siku ya kuchinja. Kisha nikasikia karatasi zinapangwa, na Mama akauliza, "Na mwenzako akijua?"

"Emilian? Asijue kabla ya Novemba."

"Atakukataza?"

"Hapana, Mama, hawezi kunikataza. Atataka kunifundisha, nami nitafeli."

Mama alicheka mpaka akaanza kukohoa. Mimi nilitoka kwa kunyata, mimi mwenye kilo tisini na tatu, nikaenda kukaa nyuma ya zizi.

Ni mtihani wa maarifa, ule wa QT, unaomwezesha mtu aliyeishia darasa la saba kuja kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Amejiandikisha tangu mwanzo wa mwaka, Renatus ndiye aliyenieleza baadaye. Karatasi za mitihani iliyopita anapewa na Mwalimu Rogers kwa flashi, ndiyo maana viatu vyake vinapendeza kutazamwa. Sisi tumeoana miaka kumi na tisa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimwambia kila mgeni anayekunywa chai kwetu kwamba katika nyumba hii aliyeonja sekondari ni mimi. Sikuwahi kusema ni kidato cha pili, tena nusu. Nilikaa nyuma ya zizi nikihesabu hao wageni, nikaacha kuhesabu.

Lakini jina la Renatus limeingiaje? Ndilo lililonipeleka kwake jana hiyohiyo jioni, na sikwenda mikono mitupu. Nilibeba debe la vitunguu saumu, vile vikubwa vya mbegu. Judica alinifungulia mlango akautazama ule mzigo, akasema, "Shemeji, leo hatuchambui maharage." Nikamwambia najua.

Renatus alikuwa mezani, na mbele yake kompyuta nyingine, nyeusi, ya chama. Ile ya kifuniko kibaya haikuwepo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kuwa ameitoa.

"Uliuliza ni ya nani," akasema. "Ni yangu. Hukuuliza iko kwa nani."

Dada, nilijisikia kama mtu aliyepotea kwenye uwanja wake mwenyewe. Wewe unajua sisi watu wa huku. Mtu akiweka ng'ombe wake kwa mwenzake, ng'ombe analala huko, maziwa yananywewa huko, lakini jina linabaki la mwenyewe. Na mwenye ng'ombe hatangazi amemweka wapi. Akiulizwa atasema ni wangu, na akiulizwa zaidi atanyamaza, maana kutaja kungekuwa kumvua nguo aliyewekewa. Renatus amemwekea Gaudensia kompyuta vilevile. Mwalimu Rogers alipoifunga mwanzoni aliiandika jina la mwenyewe, na hakuna aliyelibadilisha, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu. Mtu yeyote wa ukoo huu angetambua. Mimi, niliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa watu tangu nimeota meno, nimeona jina nikadhani nimemwona mtu.

Nikamwambia, "Ungenikonyeza hata jicho."

"Kaka, wale ng'ombe wako watatu walio Basotu kwa Ezekiel, umemkonyeza nani?"

Hao ng'ombe, dada, hata wewe hukuwajua, na Gaudensia hawajui. Sasa mmejua wewe na Renatus, na nitakuwa nimejitaja mwenyewe. Kule juu niliandika kwamba simfichi mtu kitu. Usiifute mistari ile, iache ikae inisute.

Yule wa gari jeupe alitaka kukodi Hirbadaw apande ngano. Renatus alimjibu ana kaka na dada, hawezi kuzungumza peke yake. Na walinyamaza nilipofika kwa sababu mtu yule alikuwa amemaliza kusema, "Kaka yako ni huyu mwenye kelele?" Hilo nimeambiwa jana, na Judica alilirudia mara mbili nisilikose.

Niliomba msamaha. Sikuuomba vizuri, unanijua, nilianza na habari za Lusaka. Lakini la mkono mwepesi nililitaja kwa jina lake nikalirudisha. Renatus akasema limeisha, ila debe linabaki. Leo asubuhi nimetoa waya wake msumarini nikauchomeka mwenyewe. Umewaka taa ya kijani, nami nilikaa nikaitazama taa hiyo muda kidogo.

Kikao nimekifuta. Usipige simu kwa Mama kwa habari hiyo, piga kwa habari nyingine zote. Ningeweza kuchana zile kurasa za mwanzo nikuandikie upya barua safi. Nimeziacha. Nikianza tena siku moja kukuletea mashtaka ya ndugu yetu, zitoe kabatini unisomee kwenye simu.

Sijamwambia Gaudensia kuwa najua. Ila kuanzia leo, ikifika saa nane na nusu, nazima programu kwangu ili printa iwe huru, na nimemnunulia Mama rimu mbili za karatasi, nikasema ni za barua za kijiji. Mama akasema, "Kijiji kinaandika sana." Macho yake unayajua.

Jumapili, 22 Septemba

Shikamoo dada, hii ni ya mwisho, kesho barua inapanda basi.

Ile karatasi iliyokwama nilikuwa bado nayo kwenye mfuko wa shati. Ijumaa nilikwenda kwa Mama asubuhi, Gaudensia akiwa shambani, nikaikunjua. Nikaiangalia ile pembetatu bila hasira kwa mara ya kwanza. Sitini mara themanini. Mtu aliyepanga mizigo ya lori kwa kichwa hawezi kushindwa hapo. Nikaandika chini kwa kalamu, 4,800, nikapiga mstari mara mbili kama tulivyofundishwa, nikaiweka juu ya printa mahali pa kutokea karatasi. Sikuandika jina.

Jana nimeikuta palepale. Ina alama ya kukosa kwa wino mwekundu, kubwa. Pembeni, kwa mwandiko ninaoujua kutoka kwenye madaftari ya mauzo ya vitunguu, imeandikwa: Hukugawanya kwa mbili. Rudia.

Usiku tulikula makande. Alinipakulia, akaniuliza kama chumvi inatosha, nikasema inatosha. Alikuwa anatabasamu tena, na safari hii sikuuliza kwa nini, wala sikuliweka pembeni. Nimekuwa nikifikiri namna ya kumwambia habari za wale ng'ombe wa Basotu. Wakizaa, ndama wa kwanza atakuwa wa karo yake ya kidato cha nne, na huyo atapewa jina lake yeye.

Ombi la mwanzo limekufa, la sasa ni hili. Perpetua ameshavuka kidato cha pili. Tutumie madaftari yake ya biolojia na hesabu, hata yaliyochorwa maua pembeni. Yaandikie jina la Mama juu, yatafika yanakotakiwa.

Nisalimie shemeji Wolfgang, mwambie mgongo aukande kwa mafuta ya kondoo. Perpetua mwambie mjomba anamdai barua. Huku Mama anakubariki kwa mikono yote miwili, Renatus na Judica wanakusalimu na wanasema vitunguu ni vitamu, Mwalimu Rogers naye anasalimu, kwa sasa ananitazama usoni. Gaudensia anasema atakuandikia mwenyewe baada ya Novemba. Mungu awalinde huko Kusini, awape mvua kwa wakati na usingizi usio na mashaka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata hesabu zikinikataa,

Emilian Margwe

Nimekumbuka: leo baada ya misa nimerudia. Ni 2,400. Nimeiacha juu ya printa, nangoja.